Ujumbe Kutoka Shengena: Namna ya Kuchagua Kifaa cha Mawasiliano ya Setilaiti kwa Safari za Milima ya Pare

Mji wa Same umekaa kwenye tambarare kavu, kando ya barabara kuu iunganishayo Dar es Salaam na Moshi. Kutoka hapo milima ya Pare Kusini huonekana kuwa karibu sana, na simu hushika mtandao bila taabu. Hali hubadilika pale msafiri anapoingia katika Hifadhi ya Mazingira Asilia Chome na kuanza kupanda kuelekea Shengena, kilele kirefu kuliko vyote vya milima hiyo, chenye kimo cha takriban meta 2,460 kutoka usawa wa bahari. Njia hupita katika msitu mzito wenye ukungu, huteremka kwenye makorongo na kupanda tena mgongo wa mlima. Mtu akivunjika mguu huko, kilometa kumi za kwenye ramani huweza kuwa kazi ya kutwa nzima kwa watu wanane na machela moja.

Katika hali kama hiyo jeraha ni nusu tu ya tatizo. Nusu ya pili ni habari: nani atajua, baada ya muda gani, na atakapojua ataweza kufanya nini. Mwaka 1994 watafiti Sereen Thaddeus na Deborah Maine, walipochunguza sababu za vifo vya uzazi, walizigawa kasoro zinazoua katika ucheleweshaji wa aina tatu: kuchelewa kuamua kutafuta matibabu, kuchelewa kufika penye matibabu, na kuchelewa kuhudumiwa baada ya kufika. Mgawanyo huo unafaa pia kwa aliyeumia mlimani, ila hapa huongezeka ucheleweshaji mwingine ulio kabla ya safari yenyewe, nao ni ule wa taarifa kushuka kutoka porini. Mtu mwenye miguu mizima hulazimika kumwacha majeruhi, kutembea saa kadhaa hadi penye mtandao, kisha kuanza kuomba msaada. Kifaa kidogo cha kutuma ujumbe kwa setilaiti huweza kuzifuta saa hizo. Hakifanyi zaidi ya hapo, na ndiyo maana uchaguzi wake unahitaji kufikiriwa.

Hatari zenyewe ni zipi

Wasafiri wengi huja Pare wakiwa na mawazo waliyoyachukua Kilimanjaro. Huko hofu kuu ni ugonjwa wa kimo, ambao kwa kawaida huanza kuwapata watu wanapovuka meta 2,500. Shengena haifiki hapo, hivyo ugonjwa huo si tishio kubwa katika Pare. Yanayotisha ni mengine: kuteleza kwenye mizizi na mawe yaliyolowa, kuvunjika mifupa, kupoteza njia katika ukungu, kupungukiwa maji kwenye miteremko mikavu ya upande wa Same, kupatwa na baridi kali baada ya kunyeshewa kutwa, na kuumwa na nyoka. Yapo pia maradhi ambayo msafiri huja nayo mwenyewe, kama kisukari, pumu, kifafa na shinikizo la damu.

Mvua huongeza hatari nyingine. Miteremko ya Pare Kusini ni mikali, na mashamba yamepanda hadi juu. Novemba 2009 ardhi iliporomoka katika kijiji cha Goha, wilayani Same, baada ya mvua kubwa, ikaua watu wengi waliokuwa majumbani mwao. Anayetembea wakati wa masika au vuli anapaswa kukumbuka kwamba njia aliyopitia asubuhi huenda isipitike jioni, na kwamba gari linalotakiwa kumfuata laweza kuzuiwa na tope hilohilo.

Tofauti nyingine na Kilimanjaro iko kwa watu. Kule njia zina makundi mengi ya wapandaji, waongozaji, wapagazi na askari wa hifadhi, na helikopta za uokoaji hufanya kazi. Katika misitu ya Pare kundi la watu wanne huweza kutembea siku nzima bila kukutana na mtu.

Mahali mtandao wa simu unapokoma

Kabla ya kufikiria setilaiti, msafiri aitumie vyema simu aliyo nayo. Mawimbi ya simu husafiri karibu katika mstari ulionyooka; mlima ukisimama kati ya simu na mnara, simu hunyamaza. Kwa sababu hiyo mtu aliye bondeni hukosa mtandao, ilhali mwenzake aliyepanda mgongo wa mlima unaotazama tambarare huupata kutoka minara ya barabara kuu. Aghalabu kupanda meta mia moja kuelekea mahali pa wazi hufaa kuliko kushuka kilometa tatu.

Namba za dharura nazo zijulikane kabla ya safari. Polisi hupatikana kwa 112, na Jeshi la Zimamoto na Uokoaji kwa 114. Mfumo wa M-mama, ulioanza kuenezwa nchi nzima mwaka 2022, huwasafirisha wajawazito wenye dharura, waliojifungua na watoto wachanga, nao huitwa kwa 115. Zote hizo huanza na simu inayoita. Serikali imeendelea kupeleka minara vijijini kupitia Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, ukiwamo mradi wa minara 758 uliotiwa saini Mei 2023. Hata hivyo minara hujengwa penye makazi, na msitu wa hifadhi hauna makazi. Pengo hilo litabaki kwa muda mrefu.

Setilaiti hubebaje ujumbe

Setilaiti zinazohudumia vifaa vya mkononi ni za namna mbili, na tofauti yake huonekana waziwazi katika bonde la Pare.

Namna ya kwanza ni zile zinazozunguka chini. Mtandao wa Iridium una setilaiti 66 zinazofanya kazi katika kimo cha takriban kilometa 780, zikipita juu ya ncha za dunia. Kila moja huizunguka dunia kwa dakika zipatazo 100, na kwa mtu aliyesimama ardhini huonekana dakika chache tu kabla ya kuzama, nyingine ikachukua nafasi. Setilaiti hizo hupashana habari zenyewe angani, hivyo hazihitaji kuwa na kituo cha ardhini karibu na msafiri, na huduma yake huifikia dunia nzima. Udhaifu wake ni huu: njia zake hukaribiana kwenye ncha za dunia na kuachana kwenye ikweta. Same, iliyo nyuzi 4 hivi kusini mwa ikweta, huwa na setilaiti chache juu yake kwa wakati mmoja kuliko nchi za kaskazini. Mahali pa wazi ujumbe huondoka kwa dakika moja au chache. Katika korongo lenye miti mirefu huweza kusubiri robo saa au zaidi, hadi setilaiti ipite kwenye kipande cha anga kinachoonekana.

Mtandao wa Globalstar nao huzunguka chini, kwenye kimo cha takriban kilometa 1,400, lakini hufanya kazi kama kioo: setilaiti hupokea ishara na kuirudisha papo hapo kwenye kituo cha ardhini. Kama hakuna kituo ambacho setilaiti hiyo inakiona, ujumbe hauendi popote. Kwa hiyo anayefikiria kifaa cha SPOT, kinachotumia mtandao huo, sharti aitazame ramani ya huduma ya kampuni na kuhakikisha kwamba Kilimanjaro na Tanga zimo, tena kwa aina ileile ya kifaa anachonunua. Sifa kinazopewa Amerika Kaskazini hazitoshi kuwa ushahidi kwa Chome.

Namna ya pili ni setilaiti zilizosimama juu ya ikweta kwa kimo cha kilometa 35,786, zikienda sambamba na mzunguko wa dunia kiasi cha kuonekana hazisogei. Inmarsat na Thuraya hutumia hizo. Nchi za mbali na ikweta huziona zikiwa zimeinama karibu na upeo wa macho, na mlima mmoja hutosha kuziziba. Tanzania ina bahati. Setilaiti ya Thuraya inayohudumia Afrika iko takriban juu ya nyuzi 44 mashariki, na Same iko karibu na nyuzi 38 mashariki. Kwa mtu aliyeko Same, setilaiti hiyo iko karibu na utosi. Bonde jembamba lililo wazi juu haliizuii. Kinachoizuia ni majani. Mawimbi haya hupungua nguvu yanapopita katika maji, na msitu wa ukungu ni majani yaliyojaa maji.

Hapa ndipo kanuni ya kwanza inapotoka, nayo huhusu vifaa vyote: kifaa kinahitaji kuiona anga. Kikifungiwa ndani ya mkoba, chini ya nguo mbichi, ni mzigo tu. Mahali pake ni juu ya bega, antena ikitazama mbinguni, na dharura ikitokea kipelekwe penye uwazi, hata kama majeruhi mwenyewe amebaki chini ya miti.

Makundi manne ya vifaa

Kundi la kwanza ni vitoa ishara vya dharura vinavyotumia masafa ya megahezi 406. Hivi vimo katika mfumo wa kimataifa wa Cospas-Sarsat, ulioasisiwa mwaka 1979 na Kanada, Ufaransa, Marekani na Urusi ya Kisovieti, na ambao uliokoa watu kwa mara ya kwanza mwaka 1982. Mtu akikifungua, hurusha ishara yenye nguvu ya wati tano, pamoja na mahali alipo, kwa muda usiopungua saa 24. Havina ada ya mwezi, na betri yake hukaa miaka mitano au zaidi bila kuguswa. Lakini husema neno moja tu, “nisaidieni,” na havisikii jibu. Tena ishara hiyo hupita katika vituo vya kitaifa na kimataifa kabla ya kumfikia mtu wa Same.

Kundi la pili ni vifaa vya ujumbe wa pande mbili, kama vile Garmin inReach na ZOLEO, ambavyo hutumia Iridium. Uzito wake ni kati ya gramu 100 na 150 hivi. Huunganishwa na simu ya mkononi kwa Bluetooth ili kuandikia kwa urahisi, hutuma ujumbe kwa namba ya kawaida ya simu, na hupokea majibu. Vina kitufe cha SOS kinachoarifu kituo cha kimataifa chenye watu usiku na mchana. Vinahitaji kulipiwa ada, na betri huchajiwa kila baada ya siku kadhaa kulingana na matumizi.

Kundi la tatu ni simu za setilaiti, kama zile za Thuraya, Inmarsat na Iridium. Sauti ina faida isiyo na mfano wakati muuguzi anapotaka kumwelekeza asiye na ujuzi namna ya kuzuia damu. Gharama yake ni kubwa zaidi, uzito huongezeka, na mazungumzo hukatika pale ambapo ujumbe mfupi ungepenya.

Kundi la nne ni simu za kisasa zenyewe. Tangu Novemba 2022 baadhi ya simu za iPhone zimekuwa na uwezo wa kutuma ujumbe wa dharura kwa setilaiti, na kampuni nyingine zimefuata. Huduma hiyo hufunguliwa nchi kwa nchi. Orodha ya Apple imekuwa hasa ya Amerika Kaskazini, Ulaya, Japani, Australia na New Zealand; Tanzania haimo. Kijana aliyeletewa simu hiyo na ndugu aliyeko ughaibuni asidhani kwamba uwezo huo utamfuata hadi Shengena.

Maswali ya kujibu kabla ya kununua

Swali la kwanza ni kama mtu anahitaji kusikia jibu. Kwa Pare, jibu karibu siku zote ni ndiyo. Msaada wa kwanza kufika hautakuwa helikopta. Watakuwa wanakijiji wenye machela, na pengine bodaboda au gari la abiria lililosimamishwa barabarani. Watu hao watataka kuuliza: mko upande gani wa mto, majeruhi anaweza kukaa, je, tuje na tochi? Kifaa kisichopokea maswali huwaacha wakitafuta gizani. Naye majeruhi akisoma maneno “tumeondoka saa 10, tuko watu tisa,” hupata nguvu ya kungoja, na wenzake hawashawishiki kumbeba ovyo.

Swali la pili ni safari ngapi. Anayepanda mara moja kwa mwaka huenda akafaidika zaidi na kitoa ishara kisicho na ada au na kifaa cha kuazima. Waongozaji, watafiti wa misitu, na timu za afya zinazotoa huduma za mkoba katika vitongoji vya juu hutoka mara kwa mara. Kwao kifaa cha pande mbili kinachomilikiwa na kundi zima hugawana gharama. Bei ya kifaa kwa kawaida ni mamia kadhaa ya dola za Marekani, na ada huongezeka juu yake. Ada isipolipwa kifaa hunyamaza, kwa hiyo pawe na mtu mmoja aliyekabidhiwa jukumu hilo.

Swali la tatu ni umeme. Kufuatilia nyayo kila baada ya dakika kumi hula betri kuliko kutuma ujumbe mara tatu kwa siku. Safari ya siku tatu yahitaji kifaa kilichojaa chaji, betri ya akiba, na waya uliojaribiwa.

Swali la nne ni la kisheria. Vifaa vya mawasiliano nchini husimamiwa na Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA, chini ya Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010. Anayeingiza kifaa kutoka nje aulize mamlaka hiyo kabla ya kununua. Nchi nyingine ni kali zaidi: India imewahi kuwakamata watalii kwa kubeba vifaa vya setilaiti bila kibali.

Swali la tano ni nani atakayelipia uokoaji. Ada ya kifaa hulipia ujumbe, si ndege. AMREF Flying Doctors, yenye makao yake Nairobi na iliyoanza mwaka 1957, husafirisha wagonjwa kwa ndege katika Afrika Mashariki, na wasafiri huweza kujiunga nayo kwa ada. Lakini ndege yahitaji uwanja. Mgonjwa wa Shengena sharti kwanza ashushwe kwa mabega ya watu.

Nani yuko upande wa pili

Swali linalosahaulika kuliko yote ni hili. Kitufe cha SOS kikibonyezwa, taarifa hufika katika kituo kilicho nje ya nchi, mara nyingi Marekani. Wahudumu wake hutafuta mamlaka husika na kupiga simu. Wanafanya kazi yao kwa ustadi, lakini hawajui njia ya mkato itokayo Chome, wala hawajui nani kijijini ana machela. Kwa hiyo SOS itumike bila kusita maisha yanapokuwa hatarini, na wakati huohuo ujumbe wa pili uende kwa mtu wa karibu.

Mtu huyo apatikane kabla ya safari. Anaweza kuwa mwongozaji aliyebaki kijijini, mtendaji wa kijiji, au mhudumu wa zahanati. Apewe ratiba iliyoandikwa: njia, idadi ya watu, mahali pa kulala, saa ya kurudi. Akubali kuweka simu yake ikiwa na chaji. Kisha ajulishwe jambo moja ambalo limewahi kuharibu mipango mizuri, kwamba ujumbe wa setilaiti huingia kutoka namba ngeni, pengine ya nje ya nchi. Watanzania wamezoea matapeli wanaotuma maneno ya “ile hela tuma kwenye namba hii,” na wengi hufuta ujumbe wa namba wasiyoijua. Dawa yake ni kutuma ujumbe wa majaribio kabla ya kuondoka Same na kumtaka mpokeaji ajibu palepale. Jaribio hilo huonesha pia kama mtandao wa simu anaoutumia unapokea na kurudisha ujumbe wa aina hiyo.

Mwisho wakubaliane juu ya ukimya. Kama ujumbe wa jioni haujafika hadi saa 1 usiku, afanye nini? Asubiri hadi alfajiri au aanze kuwaita watu? Kifaa chaweza kuanguka mtoni, na mpango mzuri hufanya kazi hata hapo.

Herufi 160

Vifaa vingi huruhusu herufi 160 kwa ujumbe mmoja. Wakati wa hofu watu huandika “tumepata ajali mbaya njooni haraka,” maneno yasiyomsaidia mganga. Ujumbe wa tiba hutaja aliyeumia, saa ya tukio, jeraha, hali ya fahamu na damu, na kinachohitajika. Mfano:

“Mwanaume 34 kaanguka saa 8:10 mchana. Mguu wa kulia umevunjika, damu imesimama, ana fahamu. Hatembei. Tuko 4 njia ya Shengena. Tuma machela na watu 8. Jibu.”

Ujumbe huo haufiki herufi 160 hata nafasi zikihesabiwa, na kifaa huambatisha mahali ulipotumwa. Haukutaja jina la mgonjwa, kwani hutapitia kwa watu wengi, na siri ya mgonjwa hailindwi hospitalini peke yake. Jambo moja liangaliwe: saa. Kwa mtu wa Chome, saa 8:10 mchana iko wazi. Kwa kituo cha kimataifa, tarakimu hizo zitasomeka kuwa asubuhi, na hesabu ya muda tangu jeraha litokee itapotea kwa saa sita. Anayeandika kwa Kiingereza aandike 14:10.

Faida kubwa ya ujumbe wa namna hii ni kwamba hospitali huanza kazi kabla ya mgonjwa kufika. Chukulia kuumwa na nyoka, tatizo ambalo Shirika la Afya Duniani liliingiza mwaka 2017 katika orodha ya magonjwa ya kitropiki yaliyosahauliwa. Dawa ya kuzuia sumu haipatikani kila kituo. Zahanati ikipata habari mapema, itapiga simu Hospitali ya Wilaya ya Same, Gonja au KCMC iliyoko Moshi, iulize dawa iko wapi, na mgonjwa apelekwe moja kwa moja huko badala ya kuzungushwa.

Wakati wa kungoja

Ujumbe ukishaondoka, kazi ya huduma ya kwanza inaendelea. Damu inayotoka hukandamizwa kwa kitambaa safi moja kwa moja juu ya jeraha, bila kuachia kila mara ili kuangalia. Mguu uliovunjika hufungwa pamoja na kijiti au ubao ili usitikisike, nao vidole huangaliwa kama vina joto na vinahisi. Aliyelowa huvuliwa nguo mbichi, hufunikwa, na hutengwa na ardhi kwa majani makavu au mkoba.

Aliyeumwa na kifutu, swila au koboko hulazwa na kutulizwa. Pete na bangili huvuliwa kabla ya uvimbe. Kiungo hufungwa kisitikisike. Asichanjwe, sumu isinyonywe, kamba ya kukaza isifungwe, na muda usipotezwe kwa jiwe la nyoka. Asitembezwe ikiwa anaweza kubebwa. Nyoka asikimbizwe ili akamatwe. Kueleza rangi na ukubwa wake kunatosha.

Kila nusu saa ujumbe mfupi utumwe: fahamu, kupumua, damu, maumivu. Kama SOS ilibonyezwa kwa bahati mbaya, kifaa kisizimwe kwa aibu. Tangazo lifutwe kwa utaratibu wake na maelezo yatumwe, vinginevyo watu wataendelea kutafuta.

Kwa asiye na kifaa

Wengi wanaotembea katika milima ya Pare, wakiwamo wakazi wanaokwenda sokoni au zahanati, hawatamiliki kifaa cha setilaiti hivi karibuni. Sehemu kubwa ya kinga iliyoelezwa hapa haihitaji pesa: kutotembea peke yako, kuacha ratiba kwa mtu, kujua mgongo upi wa mlima hushika mtandao, kubeba tochi na filimbi. Milio sita ya filimbi kwa dakika, kisha kimya cha dakika moja, ni ishara ya dharura inayotambulika kimataifa. Wenyeji nao wana lugha yao ya zamani zaidi. Mbiu ya mgambo ikilia kuna jambo, na kila aisikiaye hujua wajibu wake.

Kifaa cha setilaiti ni mbiu iliyopewa masafa marefu. Anayekichagua kwa busara hutazama kwanza kama kitaiona anga ya Chome, kama kitaleta jibu, na kama ada yake italipika. Kisha, kabla ya kufunga mkoba, humtafuta yule mtu wa kijijini ambaye simu yake italia, na kuhakikisha kwamba machela ipo.